Mke Asiye na Viatu

Inspekta Nagao alikuwa amekwisha kumhukumu yule mume kabla hata chai haijaletwa. Alisimama kwenye ukumbi wa kuingilia wa hekalu la Hekiunin, mikono mfukoni, akimwonyesha Sajenti Kusakabe kwa kidevu kabati la viatu lililokuwa ukutani. Lilikuwa la visanduku vidogo vya mbao, kila kimoja na mlango wake, na kila mlango na kibao cha mbao kinachochomolewa kikawa ndio ufunguo. Mgeni akifika anavua viatu, anavifungia humo, anaingia ndani na soksi na kibao chake.

"Viatu vya mke vimo," Nagao alisema. "Koti lake liko chumbani, mkoba uko chumbani, simu iko chumbani. Nje kuna sakitu, umande umeganda mweupe tangu jana usiku. Sasa mtu atatoka bila viatu aende wapi? Hakutoka, Kusakabe. Alitolewa."

"Kibao alikuwa nacho nani?"

"Mume. Alinionyesha mwenyewe, mjinga yule. Amekilalia usiku kucha."

Kusakabe aliinama akalitazama kabati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mabega mapana ya mtu aliyecheza judo ujanani, na tabia ya kukaa kimya pale ambapo mkubwa wake alitaka kusikia "ndiyo, mkuu". Tabia hiyo ilimkera Nagao kuliko wezi na matapeli wote wa mkoa wa Wakayama.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Hirabayashi Seigo, meneja wa mauzo wa kampuni moja ya pampu za maji huko Nagoya, alikuwa likizoni na mkewe, Madoka, mpishi wa shule ya chekechea. Walianzia Osaka kwenye bustani kubwa ya burudani, wakapanda vile vigari vinavyokwea na kuporomoka, wakapiga picha na watu waliovaa vichwa vya wanyama. Wakaenda Nara kulisha kulungu. Kisha wakapanda huku mlimani kulala hekaluni, kula chakula cha watawa kisicho na nyama na kuamshwa kwa sala ya alfajiri, kama wafanyavyo watu wa mjini wanaopenda kutakata kwa siku moja tu. Kengele ya sala ilipolia, mume alikuta godoro la mkewe limepoa. Akapiga ngumi milango ya vyoo vya wanawake, akawatoa wageni vyumbani na nguo za kulalia, akawakatiza watawa sala. Sasa zimamoto wa kujitolea walikuwa wakishuka kwa kamba kwenye korongo la nyuma, na waandishi wa habari walikuwa wamejaa langoni na kamera zao.

Nagao alikuwa na maelezo yake tayari. Waligombana, mume akamkaba, akambeba mpaka ukingoni, akamtupa. Kilichobaki kilikuwa maiti na kukiri kosa, na Nagao hakujali kipi kitatangulia.

"Nenda ukakae naye," alisema. "Mwache aropoke. Mtu wa namna ile hawezi kufunga mdomo mbele ya mwanamke."

Hirabayashi alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka mbele ya meza fupi, amenyoa ndevu, amechana nywele. Kusakabe aliziona nywele zile kwanza. Mkewe alikuwa hajulikani aliko, na yeye alikuwa amepata nafasi ya kujitengeneza.

"Nimeomba mkubwa wa polisi," alisema, "wameniletea mama wa chai."

"Chai imekwisha," Kusakabe alisema, akaketi.

Alimwomba amweleze safari yao tangu mwanzo, na Hirabayashi akaeleza kwa majivuno ya mtu anayesoma mahesabu mazuri mbele ya wakurugenzi. Yeye ndiye aliyechagua kila kitu. Yeye ndiye aliyepanga wapande kigari kipi kwanza ili foleni isiwachelewishe, wale wapi, mke avae nini siku ya picha. Hata zile kofia mbili za masikio ya sungura, zinazofanana, alizinunua yeye. Mke alisema ana umri mkubwa kwa kofia ya namna ile, akamwambia avae tu. Akamsukumia Kusakabe simu yake mezani. "Peleka kwa wataalamu wenu. Mtaona tulivyokuwa na furaha."

Kusakabe alizipitia picha. Madoka mbele ya gurudumu kubwa la bustani ya burudani. Madoka na kulungu. Madoka kwenye ngazi za hekalu moja, na jingine, na jingine, mwembamba, amesimama palepale alipoambiwa asimame. Tabasamu lilikuwa lilelile katika picha zote, halikupanda wala kushuka. Kila palipokuwa na mikeka alikuwa na soksi, na kila mahali kivuli cha mpigapicha kilikuwa kimemfikia miguuni.

"Kwa nini viatu vyenu mliviweka sanduku moja? Visanduku viko tele."

"Ni mke wangu."

"Ndiyo, lakini kwa nini?"

"Madoka hupoteza vitu," Hirabayashi alisema. "Hotelini nashika mimi ufunguo, hekaluni nashika mimi kibao. Tangu tuoane ni hivyo, na hajawahi kulalamika. Wewe una mume?"

"Alifariki."

"Basi ndiyo maana huelewi."

Kusakabe aligeukia mizigo yao. Kando ya meza palikuwa na mfuko mkubwa wa karatasi uliojaa makopo ya biskuti na maboksi ya keki za Nara, yamefungwa vizuri na karatasi za duka. Akauliza ni za nani. Hirabayashi akanyoosha kidole: hili la ofisini kwake, idara nzima, hili la bosi wake, peke yake, haya ya mama yake, haya ya majirani wa ghorofa ya juu, waliobaki wakiwalishia samaki.

"Na ya kazini kwa mkeo?"

Mkono wa Hirabayashi ulibaki hewani. Aliutazama mfuko, akainua boksi la juu, akatazama la chini yake. Mtu anayechukua likizo huku wenzake wakimfanyia kazi yake hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Ni afadhali asahau sanduku la nguo kwenye treni. Hata mvivu hulikumbuka hilo, na Madoka, kwa maneno ya mumewe mwenyewe, alikuwa amezurura madukani Osaka na Nara kwa muda mrefu, akimchagulia mama mkwe keki.

"Angenunua stesheni," Hirabayashi alisema hatimaye.

Lakini macho yake hayakutoka kwenye mfuko. Kusakabe aliliona hilo, na akatamani angeweza kulirudisha swali lake mdomoni.

"Mnanipotezea muda na biskuti," Hirabayashi alifoka, kana kwamba mtu amemwamsha. "Mtafuteni. Hana viatu, hana hela, hana akili ya kufika hata stesheni. Na mkimpata, asizungumze na mtu yeyote kabla yangu. Umenisikia, mama wa chai?"

Choo cha wanawake kilikuwa mwisho wa ujia, baada ya chumba cha sala. Mtawa Ryokai, msimamizi wa wageni, alimfuata Kusakabe mpaka mlangoni akinung'unika. Alikuwa mtu wa uso mrefu aliyewachukulia wageni kama mvua ya ukungu: inaleta kuvu na haiepukiki. Alilalamika kuhusu zimamoto walioingia na matope, kuhusu waandishi waliovuta sigara langoni, na zaidi kuhusu yule bwana wa Nagoya aliyempa mkewe ruhusa ya kwenda kuoga kwa kutikisa kichwa, kama mwalimu wa darasa, mbele ya wageni wengine.

Kusakabe alisimama kizingitini na soksi zake, akatazama chini. Ndala za chooni zilikuwa zimepangwa safu moja, vidole vikielekea ndani, tayari kwa anayeingia. Hapa kwetu kila nyumba ina ndala za namna hiyo, za plastiki, zinazoishi chooni na kufia chooni. Ukijisahau ukatoka nazo mpaka kwenye mikeka, ukoo utakucheka mpaka siku ya mazishi yako. Hakuna anayezihesabu kuwa viatu. Mkaguzi yeyote wa Kijapani akiulizwa nyumba hii ina viatu gani, atataja hata gambuti za mtunza bustani, lakini ndala hizi hatazitaja.

Ndala zote zilikuwa zimepauka na kulegea kwa kukanyagwa, isipokuwa jozi moja. Hiyo ilikuwa inang'aa, na kwenye soli gundi ya kibandiko cha bei ilikuwa bado inanata.

"Hizi zimewekwa lini?"

"Sajenti, mambo ya chooni hayahusiani na—"

"Lini?"

Ryokai aliangalia dari. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema aliziweka alfajiri. Alikuja kufagia kabla wageni hawajaamka akakuta jozi moja haipo. Alitafuta ujiani, akatafuta mpaka kwenye chumba cha sala. Akachukua nyingine stoo. Baadaye kidogo makelele ya yule bwana yakaanza.

"Polisi wamekuwa hapa asubuhi nzima. Hukumwambia mtu."

"Nimwambie nini?" mtawa aliuliza, na shingo ikamwiva. "Kwamba mgeni wetu amepita mbele ya Buddha na ndala za chooni? Inspekta wako aliuliza viatu. Nilimjibu viatu."

Kusakabe alizivaa zile mpya, akaingia. Dirisha lilikuwa pana kuliko alivyotarajia, na komeo lake lilikuwa wazi. Mtu mwembamba angepita bila shida. Alichungulia nje.

Chini ya dirisha palikuwa na majani ya mwituni, na chini ya majani njia ya nyuma inayotumiwa na magari ya mboga na ya tofu, ile jibini ya soya. Mierezi ilikuwa imeifunika kiasi kwamba jua halikuwa limeigusa, na sakitu ilikuwa imelala nyeupe kila mahali, isipokuwa sehemu moja. Hapo palikuwa na mstatili wa ardhi kavu, yenye rangi yake, upana na urefu wa gari dogo. Gari hilo lilikuwa limeegeshwa hapo kabla sakitu haijaanguka, na likaondoka baada ya kuanguka.

Wakati huohuo makelele yalisikika nje. Zimamoto mmoja alikuwa ameinua kitu juu: kofia yenye masikio ya sungura. Nagao alikuja mbio kutoka ukumbini, mashavu mekundu, akaipokea na glavu kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Ukingoni kabisa," alimwambia Kusakabe, alipotoka kumfuata. "Imemdondoka alipokuwa anabebwa. Nini nilikwambia?"

Kusakabe aliigeuza ile kofia. Haikuwa na tope, haikuwa na jani, haikuwa na mkwaruzo. Aliuliza ilikuwa wapi hasa. Zimamoto alionyesha: juu ya majani, mstari mmoja na dirisha la choo. Mwanamke gani angelala na kofia ile, baada ya kulazimishwa kuivaa mchana? Ilikuwa imetupwa, na aliyeitupa aliitupa kwa nguvu.

"Mkuu, kuna dirisha pale, na kwenye njia kuna—"

"Niletee maiti, Kusakabe. Usiniletee dirisha."

"Kuna ndala pia."

"Ndala," Nagao alisema, akiwageukia zimamoto ili nao wacheke. "Mwanamke amekufa, sajenti wangu anahesabu ndala za chooni."

Wakacheka kwa heshima, wawili au watatu. Nagao akaamuru Hirabayashi ashushwe kituoni mjini, kwa hiari yake, kusaidia uchunguzi. Gari la polisi lilipita katikati ya kamera, na Hirabayashi akainamisha kichwa vilevile mume mwenye majonzi anavyotakiwa kukiinamisha.

Kusakabe alibaki kwenye gari lake, akawasha kipasha joto, akapiga simu kwenye jiko la shule ya chekechea huko Nagoya.

Aliyepokea alikuwa msaidizi wa jikoni, msichana mwenye maneno mengi. Alisema Madoka yuko likizo na anarudi Jumatatu. Kusakabe akauliza kama kuna jambo lolote lisilo la kawaida alilofanya kabla ya kuondoka. Hakuna, alisema msichana. Labda peremende. Siku yake ya mwisho Madoka aligawa vifuko vya peremende vilivyofungwa utepe, kimoja kwa kila mtu, mpaka dereva wa gari la shule, akainama mbele ya kila mmoja akasema ahsante kwa yote. Walimtania. Walimuuliza, kwani unaacha kazi? Maana anayeacha kazi ndiye anayegawa vitu hivyo. Anayekwenda likizo hugawa akirudi. Madoka alicheka tu.

Kusakabe akaomba kuzungumza na mkuu wa jiko. Mama Isobe hayupo leo, alisema msichana. Ameomba ruhusa ghafla, na si kawaida yake kabisa, hata akiugua huja. Akatoa namba.

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, Kusakabe alisikia kwanza mngurumo wa gari, kisha sauti ya kike ya mashine ikielekeza wakate kushoto kwenye njia panda inayofuata.

"Nani?"

"Sajenti Kusakabe, polisi wa Wakayama. Mama Isobe?"

"Sijui lolote. Niko safarini."

"Uliegesha gari nyuma ya hekalu jana jioni, kabla ya sakitu," Kusakabe alisema. "Sikupigii kukukamata. Nataka kujua kama yu hai."

Mashine ikarudia kwamba wakate kushoto. Inaonekana hawakukata, kwa sababu ilianza kulalamika.

"Mwaka juzi," Isobe alisema, na kila neno lilikuwa kama kofi, "alikwenda kwenye kituo chenu cha mtaa, kule Nagoya. Kwa miguu yake. Askari akampa chai ya moto, akamwambia tulia mama, akampigia simu mumewe aje amchukue. Unaelewa? Mumewe akaja na suti, akainama, akashukuru, akaleta na biskuti. Sasa wewe unanipigia uniambie nini?"

"Mpe simu."

"Simpi."

"Mama Isobe, mpe simu, au nitajua mambo yake kutoka kwa mumewe peke yake."

Simu ilibadilisha mikono. Sauti iliyokuja ilikuwa ndogo na safi, ya mtu aliyezoea kuzungumza bila kusikika chumba cha pili.

"Mmemwambia?"

"Nani?"

"Mume wangu. Mmemwambia kwamba niko hai?"

"Bado," Kusakabe alisema. "Anajua tu kwamba hupo."

"Basi msimwambie. Siku ile polisi waliponirudisha kwake, alifunga mlango kwanza, akavua tai, akaikunja. Nilikunywa uji kwa mrija mpaka baridi ikaisha na miti ya cheri ikachanua. Kazini nilisema nimeanguka bafuni." Alivuta pumzi. "Akijua niko hai atawaza nani alinibeba. Hatachukua muda kumpata Mama Isobe. Ana funguo za nyumba ya mama yangu pia. Nikishapanda meli hatanipata, kuna watu wananisubiri upande wa pili, wanaojua kazi hii ya kuwaficha wake kama mimi."

"Meli inaondoka lini?"

"Jioni."

Kusakabe alitazama nje. Huko chini, wanaume wa kijiji waliokuwa na maduka yao na migongo yao mibovu walikuwa wakining'inia kwenye kamba, wakimtafuta mwanamke huyu kwenye mawe yaliyoganda.

"Miguu yako ikoje?" aliuliza.

"Inauma," Madoka alisema. "Lakini ni yangu."

Kusakabe alikata simu bila kuahidi. Kama angemwambia Nagao, alijua vizuri mambo yangekwendaje. Nagao alikuwa mkali kwa mauaji na mlaini kwa ndoa. Mwaka jana alimketisha mke wa seremala pamoja na mumewe kwenye chumba cha wageni cha kituo, akawaagizia tambi kutoka dukani, akawaambia wazungumze kama watu wazima. Mke aliondoka pale na mumewe. Wiki iliyofuata alitolewa nyumbani kwake kwa machela, na Nagao alipeleka maua hospitali akiamini kabisa kwamba alifanya alivyoweza. Sheria ilimpa Madoka haki ya kuwaomba polisi wamnyime mumewe taarifa zake, lakini ombi hilo lingepita kwanza kwenye meza ya Nagao, na meza ile ilikuwa na simu.

Alishuka garini. Alimwendea mkuu wa zimamoto, akamwambia mawe yameganda, hataki mtu avunjike mguu, awapandishe watu wake wapate supu mpaka jua lifike korongoni. Mkuu wa zimamoto alimshukuru waziwazi. Kisha Kusakabe akaendesha kuteremka mlima, na njia nzima alikuwa na hasira iliyomfanya azungushe usukani kwa nguvu kuliko kona zilivyotaka.

Chumba cha mahojiano kilinuka mafuta ya taa ya hita. Nagao alikuwa amevua koti. Hirabayashi alikuwa amekaa wima, lakini zile nywele zilizochanwa zilikuwa zimeanza kuachia.

"Naondoka," alikuwa akisema Kusakabe alipoingia. "Nimekuja kwa hiari, naondoka kwa hiari. Nipeni simu yangu."

"Simu iko kwa wataalamu. Wewe ndiye uliyeitoa," Nagao alisema. "Mlango huo hapo. Nje kuna kamera. Kesho asubuhi bosi wako Nagoya atakunywa kahawa akikutazama unavyopanda treni huku watu wanamtafuta mkeo korongoni. Nenda. Nakufungulia?"

Hirabayashi hakusimama. Alitazama mlango, akatazama mikono yake. Ndipo alipomwona Kusakabe, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekumbuka jambo aliloliacha jikoni.

"Biskuti," alisema.

"Nini?" Nagao akauliza.

"Hakuwanunulia wenzake chochote. Siku zote huwanunulia, anasumbua mpaka inakera, huyu apewe hiki, yule hali sukari. Safari hii hakununua. Hana nia ya kurudi." Alikuwa anasema haraka sasa. "Ametoroka. Yu hai. Mtu amemchukua na gari. Kuna mwanamke jikoni kwao, Isobe, siku zote alinitazama kwa jicho baya. Nipeni simu, nitawaambia yuko wapi sasa hivi."

Nagao alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyeyasikia hayo kwa wote aliowahi kuwafunga.

"Ametoroka. Na miguu mitupu, kwenye sakitu. Asubuhi ulituambia hana akili ya kufika hata stesheni. Ulituambia hana viatu. Kibao unacho wewe."

"Sijui alivaa nini! Muulize huyu." Hirabayashi alimnyooshea Kusakabe kidole. "Huyu mama ndiye aliyeniuliza habari ya zawadi. Amejua tangu asubuhi. Mtazame uso wake, anajua."

Nagao aligeuka kitini. Alimtazama Kusakabe kwa muda, akiwa na ule uvivu wa macho aliokuwa nao kabla ya kuuma.

"Ulipiga simu kazini kwa mke?"

"Nilipiga, mkuu."

"Wanasemaje?"

Hita ilikuwa ikitoa mlio mdogo. Kusakabe alivuta kiti, akakiweka mkabala na Hirabayashi, karibu kiasi cha magoti yao kukaribiana, akaketi. Kuanzia hapo, akikosea, ni kazi yake, na labda zaidi ya kazi. Alimwangalia mume usoni, na mume akamwangalia, na katika chumba kile ni wao wawili tu waliojua kwamba hakuna aliyekufa.

"Wanamsubiri Jumatatu," alisema. "Wanashangaa kwamba hajapiga simu. Wanasema ni mtu wa kupiga simu."

"Mwongo," Hirabayashi alinong'ona. "Mwongo wewe."

"Endelea wewe, Kusakabe," Nagao alisema, akijinyoosha kwa raha. "Mimi nimechoka naye."

Dirishani jua lilikuwa bado juu ya mlima, na meli ilikuwa ya jioni. Kusakabe alijaza kikombe cha chai, akamsogezea Hirabayashi, akakunja mikono yake mezani kama mtu mwenye mchana mzima.

"Bwana Hirabayashi," alisema, "tuanze upya, polepole. Mara ya mwisho ulimwona lini mkeo akiwa hai?"